Mshahara wa Mwalimu wa Chekechea Unatoka Mfuko Gani?

Chukua chumba kimoja chenye vitanda vinne vya watoto, zulia, kapu la vinyago na watoto wanne ambao hawajatimiza miaka miwili. Katika jiji la Washington, makao makuu ya Marekani, kanuni zinataka mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanne wa umri huo, na wa tano haongezwi hata mama yake akisimama mlangoni kubembeleza. Jiji hilo liliweka jedwali la mishahara kwa vituo vilivyojiunga na mpango wake wa kuwainua walimu wa watoto wadogo. Katika jedwali la mwaka wa fedha 2024, ngazi ya chini kabisa, ya mwalimu msaidizi asiye na hata cheti cha malezi, ilikuwa dola 43,865 kwa mwaka. Gawanya kwa wanne. Kila familia inabeba karibu dola 11,000, na hapo pango bado, bima bado, chakula bado, na yule wa kushika zamu mwalimu anapokwenda kula naye bado. Tena kituo hufunguliwa kabla wazazi hawajaenda kazini na kufungwa wakisharudi, saa nyingi kuliko zamu ya mtu mmoja, kwa hiyo mwalimu mmoja kwa watoto wanne, ukihesabu siku nzima, ni mmoja na ushei.

Nimeanza na mgawanyo huu kwa sababu mjadala wa kima cha chini cha mshahara wa walimu wa chekechea huendeshwa mara nyingi kama mjadala wa huruma. Upande mmoja unasema walimu wanateseka, wa pili unasema fedha hazipo, na kila mtu anaondoka na lake. Mimi naona kuandika kiasi ndiyo kazi nyepesi, bunge lolote linaiweza kwa siku moja. Kazi nzito ni kuandika mfuko. Sheria ikitaja kiasi na kunyamaza kuhusu mfuko, imemwachia mzazi bili. Mzazi asipoiweza, atailipa mtoto kwa kubananishwa darasani, au mwalimu mwenyewe kituo kitakapofungwa. Ikitaja kiasi na mfuko kwa pamoja, ushahidi uliopo unaonyesha kwamba inafanya kazi. Marekani ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa kuwa kila jimbo lina bunge lake na kila bunge limeshika njia yake, kwa hiyo mafanikio na makosa yanaonekana kama vile mtu amepanga vikombe mezani.

Kwanza tujue mishahara yenyewe. Kima cha chini cha taifa zima la Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaguswa tangu mwaka 2009, ingawa majimbo yanaruhusiwa kupanda juu yake na mengi yamepanda. Mei 2023, takwimu za serikali ya nchi hiyo zilionyesha kuwa ukiwapanga walezi wote wa watoto kwa mstari, kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi, yule wa katikati alipata dola 14.60 kwa saa. Mwalimu wa shule ya awali aliyesimama katikati ya mstari wake alipata dola 37,130 kwa mwaka. Mwenzake anayefundisha watoto wa miaka mitano, darasa ambalo kwa Wamarekani tayari ni sehemu ya shule ya msingi, alipata zaidi ya dola 62,000. Mtoto ameongeza mwaka mmoja, mshahara wa anayemfundisha umepanda kwa zaidi ya nusu. Hakuna mtu anayeweza kusimama akasema kazi yenyewe imebadilika kiasi hicho. Kilichobadilika ni mlipaji: kwa mtoto wa miaka mitano ni kodi, kwa wa miaka minne, mara nyingi, ni baba na mama.

Dharau nayo ina sehemu yake. Sisi wenyewe darasa la awali tumeliita darasa la vidudu, na mtu akisikia fulani anafundisha vidudu hujua mara moja amweke kwenye kiti gani harusini. Lakini dharau haitoshi kueleza tofauti ya dola 25,000, maana yule wa miaka mitano naye anafutwa kamasi na kufungwa kamba za viatu.

Kinachoshangaza wengi ni kwamba mishahara hii imebaki chini huku vituo vikiwa na orodha ndefu za watoto wanaosubiri nafasi. Fundi bomba akihitajiwa na mtaa mzima, bei yake inapanda. Kwa nini ya mwalimu wa chekechea haipandi? Janet Yellen, alipokuwa Waziri wa Fedha wa Marekani, aliutaja mfumo wa malezi ya watoto mwezi Septemba 2021 kuwa mfano wa kufundishia wa soko lililoharibika. Mnunuzi katika soko hili ni mzazi mwenye mtoto mdogo, yaani mtu aliye mwanzoni mwa maisha yake ya kazi, mwenye mshahara mdogo kuliko atakaoupata miaka kumi baadaye, na hakuna benki itakayomkopesha ada ya chekechea kama inavyokopesha ya chuo kikuu. Faida ya huduma nayo haimrudii peke yake. Mtoto aliyelelewa vizuri akija kuwa mlipakodi na mfanyakazi mzuri, wanaofaidi ni jamii nzima, pamoja na waliolala bila kusikia kilio chake. Halafu kuna tabia ya kazi yenyewe. Mwanauchumi William Baumol alieleza katika miaka ya 1960 kwamba zipo kazi ambazo mashine haziziongezei kasi, akatumia mfano wa wanamuziki. Kwa masikio yetu tuseme hivi: wimbo wa taarabu wa dakika kumi utachukua dakika kumi na wapigaji walewale, leo kama ilivyokuwa enzi za santuri, huku kiwandani mtu mmoja akitoa leo mashati ambayo zamani yalihitaji watu ishirini. Kumlisha mtoto uji ni wimbo wa taarabu. Mwalimu hawezi kulea watoto kumi na sita kwa mikono ileile kwa sababu tu amenunuliwa kompyuta, na kanuni, kwa busara kabisa, zinamkataza kujaribu. Kwa hiyo gharama ya huduma hii ni mshahara, karibu yote, na kuupandisha mshahara ni kuipandisha ada, isipokuwa mtu mwingine aingie katikati.

Je, kuingia katikati kunaleta nini? Jimbo la Virginia lilifanya jaribio mwaka 2019 ambalo natamani lingejulikana zaidi. Walimu wa watoto wadogo katika maeneo kadhaa waliahidiwa hadi dola 1,500 za ziada kwa miezi minane iwapo wangebaki kazini, na vituo vya majaribio vilichaguliwa kwa bahati nasibu ili walioahidiwa walinganishwe na wasioahidiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, wakiongozwa na Daphna Bassok, walihesabu walioondoka. Katika vituo vya malezi ambako hakukuwa na ahadi, walimu 30 kati ya 100 waliacha kazi ndani ya miezi hiyo. Kwenye ahadi, 15. Dola 1,500 si mtaji wa kumbadilishia mtu maisha nchini Marekani, ni kodi ya nyumba ya mwezi mmoja katika miji mingi, lakini zilipunguza kuondoka kwa nusu. Na kuondoka kuna maana kubwa zaidi kwa mtoto wa miaka miwili kuliko kwa mwanafunzi wa sekondari. Mtoto huyo hasomi somo, anamsoma mtu. Anajua sauti ya mwalimu wake, anajua nani huanza kuimba kabla ya kulala, anajua akianguka akimbilie gauni lipi. Mwalimu akiondoka mwezi wa tatu, anayekuja anaanza na watoto wanaolia.

Watetezi wa elimu ya awali wanapenda kuutaja mradi wa Perry, uliofanyika Ypsilanti, Michigan, katika miaka ya 1960. Watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa, wengine wakapata shule ya awali na wengine wakakosa, kisha wakafuatiliwa hadi utu uzima. Waliopata walikuja kumaliza shule zaidi, wakapata kipato zaidi, wakakamatwa na polisi mara chache zaidi. Mwanauchumi James Heckman alikokotoa faida ya kila dola iliyowekezwa pale, na tangu hapo hesabu yake imebebwa katika hotuba za mawaziri dunia nzima. Kinachoachwa nje ya hotuba hizo ni kwamba walimu wa Perry walikuwa wamesomea kazi yao na walilipwa kwa viwango vya walimu wa shule za umma, tena na nyongeza juu yake. Kila wiki walimtembelea mama nyumbani kwake. Anayetaka faida ya Perry kwa mshahara wa mlinzi wa usiku anataka pilau bila kununua mchele.

Kwa nini basi kila jimbo lisipandishe kima kwa sheria moja na kumaliza? Mfano wa karibu ni Head Start, mpango wa serikali kuu ya Marekani wa tangu 1965 unaohudumia watoto wa familia maskini. Mwezi Agosti 2024 kanuni mpya iliyataka mashirika yanayouendesha yawafikishe walimu, kufikia mwaka 2031, karibu na mishahara ya walimu wa shule za umma za eneo lao. Nia njema kabisa. Lakini kanuni hutungwa na wizara na fedha hupitishwa na Bunge, na waliotunga kanuni walilijua hilo. Ndiyo maana mashirika madogo, yenye nafasi zisizozidi 200, yalisamehewa sehemu kubwa ya masharti ya mshahara. Ukiisoma kanuni kwa jicho la mhasibu utaona mlango wa dharura umechongwa kabla nyumba haijaezekwa: fedha zisipoongezeka, mshahara ukipanda, nafasi za watoto zitapungua. Sisemi kanuni ilikosewa. Nasema iliandika kiasi, na mfuko ukabaki kwa mtu mwingine.

Oklahoma ilianza upande wa pili. Mwaka 1998 jimbo hilo, ambalo kisiasa halijulikani kwa kupenda matumizi ya serikali, lilipitisha sheria ya kugharamia shule ya awali kwa kila mtoto wa miaka minne ambaye wazazi wake wangependa aende. Haikutungwa mishahara mipya. Darasa la watoto wa miaka minne liliingizwa katika fomula ileile ya kugharamia shule za umma, na mwalimu wake, mwenye shahada na mafunzo ya watoto wadogo, akaingia kwenye ngazi ileile ya kima cha chini ambayo sheria ya jimbo imewawekea walimu wote. Kazi kubwa kuliko zote ilifanywa na kifungu kikavu cha fomula, kisichopigiwa makofi na mtu. Miaka 20 baadaye ikaonekana thamani yake. Walimu wa Oklahoma walikuwa miongoni mwa wanaolipwa kidogo kabisa nchini, na katiba ya jimbo, tangu kura ya wananchi ya 1992, inataka robo tatu ya wajumbe wa kila baraza la bunge ili kuongeza kodi. Ni kizingiti kinachokaribia kuwa ukuta. Mwezi Machi 2018, mgomo ukinukia, wabunge walikivuka, wakaongeza kodi za sigara, mafuta ya magari na uchimbaji wa mafuta na gesi, na mishahara ya walimu ikapanda kwa wastani wa dola 6,100. Mwezi Aprili walimu waligoma hata hivyo, kwa karibu wiki mbili, wakidai fedha za shule zenyewe. Mwalimu wa watoto wa miaka minne katika shule ya umma alipanda pamoja na mwalimu wa fizikia, kwa kuwa majina yao yalikuwa kwenye jedwali moja. Mlezi wa watoto wa miaka miwili katika kituo binafsi ng'ambo ya barabara hakupata hata senti, maana yeye hakuwa kwenye jedwali lolote.

Pengo hilo ndilo Washington ilijaribu kuliziba. Jiji lilikuwa tayari na shule ya awali ya umma bila ada kwa watoto wa miaka mitatu na minne, kwa sheria ya mwaka 2008, na walimu wake walilipwa kama walimu wengine. Matokeo yake unaweza kuyakisia: kituo binafsi kinamlea mwalimu, kinamwacha asome jioni, na siku anapopata shahada anavuka kwenda shule ya umma. Mwaka 2018 baraza la jiji lilipitisha sheria ya kuboresha huduma kwa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu, ikielekeza kwamba malipo ya walezi yakaribie ya walimu wa shule. Ilikaa kabatini. Mwaka 2021 baraza lilipandisha kodi ya mapato kwa watu wanaopata zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka, na hapo mfuko ukazaliwa. Kwanza walimu walitumiwa fedha moja kwa moja, dola 10,000 au 14,000 kwa kutegemea nafasi ya mtu. Kisha mpango ukahamia kwenye vituo: kituo kinachotaka kinajiunga, kinapewa fedha kwa fomula, kwa sharti kwamba kitalipa kwa jedwali. Msaidizi mwenye cheti cha malezi, dola 51,006. Mwalimu kiongozi mwenye shahada, dola 75,103. Watafiti wa taasisi ya Mathematica walilinganisha ajira za vituo vya jiji na jinsi ambavyo zingekuwa bila mpango, wakakuta kwamba baada ya miaka miwili hivi zilikuwa zimeongezeka kwa takribani asilimia 7. Mshahara ulipanda na ajira nazo zikapanda. Anayefikiri kila kima cha chini hufukuza watu kazini atashangaa. Hapa lakini mwenye kituo hakutoa nyongeza hiyo mfukoni mwake.

Nisiufanye mji huo pepo. Wapo walimu waliogundua kwamba nyongeza ingewapokonya bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, na jiji likalazimika kuanzisha mpango wa bima kwa ajili yao. Wapo wanawake waliolea watoto kwa miaka 20 wakiwa na mikono hodari na bila vyeti, ambao jedwali linawaweka chini ya msichana aliyetoka chuoni jana. Kanuni ya mwaka 2016 iliyowataka walimu viongozi wawe na elimu ya chuo ilipingwa mpaka mahakamani, na ingawa wapingaji walishindwa, malalamiko yao hayakuwa ya kipuuzi. Ningependa jedwali linalohesabu miaka ya kazi pamoja na karatasi. Na kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka 2024 mapato ya jiji yalibana, na Meya Muriel Bowser akapendekeza bajeti iliyoufuta mpango wote. Baraza liliurudisha kwa dola milioni 70, pungufu ya zilizokuwepo, na baadhi ya viwango vya jedwali vikashushwa. Jumba lilikuwa limesimama vizuri, lakini juu ya kiwanja cha kukodi, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mwalimu aliyechukua mkopo wa nyumba kwa kutegemea mshahara ule alijua kila majira ya kuchipua, baraza likikaa kwa bajeti, kwamba na yeye yumo ndani ya ajenda.

New Mexico, jimbo maskini la jangwani lenye mafuta na gesi, lilikwenda hatua moja mbele. Lina mfuko wa kudumu unaokusanya mapato ya ardhi na madini ya umma, na kwa miaka mingi mfuko huo uligharamia shule bila kuwagusa watoto wadogo. Novemba 2022 wananchi walipiga kura kubadilisha katiba ya jimbo ili asilimia 1.25 zaidi ya mfuko itolewe kila mwaka, sehemu kubwa ikienda kwa elimu na malezi ya watoto wadogo. Takribani asilimia 70 walikubali. Mafuta hayatadumu milele, na bei yake hupanda na kushuka kama bei ya vitunguu. Lakini mfuko wa kudumu umekatwa kamba inayoufunga na bajeti ya mwaka, na fungu lililoandikwa kwenye katiba halifutwi na meya aliyeamka na upungufu.

Sasa pingamizi, na la kwanza ni zito kuliko yote: kwa nini bibi anayelea wajukuu wake bila senti, au mama aliyeacha kazi ili akae na mtoto wake, alipe kodi ya kumlipia mwingine chekechea? Jibu la haraka ni kwamba hata asiye na gari hulipia barabara. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu barabara humletea asiye na gari unga dukani, wakati bibi huyu anaweza kuona kwamba kazi yake imedharauliwa ili ya mwingine itukuzwe. Nadhani ana haki ya kudai na yeye atazamwe, kwa posho ya mtoto au kwa njia nyingine. Lakini dai lake linaongeza uzito wa hoja hii. Anachosema bibi ni kwamba kulea ni kazi yenye gharama, na huo ndio msingi wa kima cha chini. Pingamizi la pili, kwamba serikali ikilipa mishahara ya vituo binafsi wenye vituo watanenepa, lina dawa: fedha ziende kwa fomula ya walimu waliopo, na orodha ya malipo ikaguliwe. La tatu, kwamba watoto wanacheza tu na hakuna haja ya mwalimu wa bei, nimeshalijibu kwa Ypsilanti. Mwenye wasiwasi bado akae asubuhi moja na watoto wanane wa miaka mitatu, mvua ikinyesha.

Afrika Mashariki tunaufahamu ugonjwa huu kwa jina jingine. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, shule za awali, ambazo nyingi zilitegemea ada na michango ya wazazi, zilibaki nje ya msamaha. Wazazi wengi walipiga hesabu ambayo yeyote angepiga: kwa nini nilipie nasari wakati darasa la kwanza ni bure? Wakawavusha watoto moja kwa moja, na mwalimu wa nasari, ambaye mshahara wake ulikuwa ndani ya ada zile, akabaki na madawati. Hakuna aliyemkata mshahara kwa sheria. Ulikatwa na sheria nzuri iliyomsaidia jirani yake. Katiba ya 2010 kisha ikaikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, na tangu 2013 kaunti 47 zimekuwa waajiri, kila moja na bajeti yake na masharti yake, wakati mwalimu wa shule ya msingi, akiwa Turkana au Kwale, anaajiriwa na tume moja ya taifa. Ni Oklahoma iliyogeuzwa: jedwali la juu moja, la chini arobaini na saba.

Tanzania imefanya jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Darasa la awali katika shule ya umma limeunganishwa na shule ya msingi, na mwalimu wake aliyeajiriwa na serikali yumo kwenye ngazi za mishahara za walimu wenzake. Hiyo ndiyo Oklahoma yenyewe, bila kelele. Kwa shule binafsi iko amri ya kima cha chini kwa kila sekta. Amri ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 207,000 kwa mwezi katika shule binafsi za awali, msingi na sekondari, na viwango vya sekta binafsi vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026. Tufanye hesabu kwa kiwango cha kwanza, maana ni rahisi kugawanyika. Uwiano unaotakiwa katika darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mshahara wa 207,000 ukigawanywa kwa 25 ni shilingi 8,280 kwa kila mtoto kwa mwezi. Ukilinganisha na Washington ni kitu kidogo, na mtu angesema basi hapa hakuna shida. Lakini katika shule ndogo ya uswahilini au ya kijijini, wanaolipa kwa wakati si 25. Wakilipa 14, mgawo unafika karibu shilingi 14,800, kabla ya unga wa uji, chaki, maji na mlinzi.

Mwenye shule aliyefika hapo, tarehe ya mshahara ikiwa kesho kutwa, ana njia tatu. Anaweza kupandisha ada akawapoteza hata wale 14. Anaweza kumsainisha mwalimu 207,000 kwenye karatasi na kumpa mkononi pungufu, na mwalimu, anayejua kwamba getini kuna wengine wanaoulizia kazi, akasaini. Au anaweza kutandika mkeka mwingine nyuma ya darasa na kupokea watoto 15 zaidi. Kwenye chumba cha Washington njia hii ya tatu imezibwa, kwa kuwa anayehesabu mshahara anahesabu na vitanda. Kwetu orodha ya malipo hukaguliwa na afisa kazi, watoto huhesabiwa na mthibiti ubora wa shule, na hao ni watumishi wa ofisi mbili tofauti. Afisa kazi akiondoka ameridhika na saini, watoto 40 bado wamekaa wanne wanne kwenye benchi la watatu, na mwalimu wao, aliyelipwa kima cha chini kamili safari hii, anaita majina kwa sauti iliyokwisha tangu saa nne.